Leo nimeingia kazini na mtoto mgongoni

Jamani, leo nilijua kazi sina tena.

Dada wa kazi kaondoka asubuhi bila kuaga. Ningemwacha wapi mwanangu? Nikamfunga mgongoni, nikaenda naye kazini, tunakoshona sare za shule hapa Tukuyu.

Mteja kasimama mlangoni anadai sare zake, mtoto akaangua kilio!

Cherehani zote zikasimama.

Bosi wetu, Hajati, akainuka. "Mlete hapa."

Nikampa.

Akambeba kwa kanga yake mwenyewe, akaanza kumbembeleza.

Mteja akaguna, "Hajati, hapa ni kazini au kliniki?"

"Ni kazini kwa mama yake. Ukitaka sare, ongea taratibu alale."

Nimeshona huku machozi yananitoka.

Semeni kweli, bosi wenu angefanyaje?