Mwamsha Daku Aliyelala Fofofo

Juzi, watu walipokuwa wanatoka kwenye sala ya alasiri, niliambiwa kwamba fundi baiskeli wetu wa Chemchem amefariki. Alikuwa mzee, aliugua kifua muda mrefu, akakata roho kitandani kwake wanawe wamemzunguka. Nasema hivyo mapema kwa sababu mtaani kwetu tayari wapo wanaonong'ona kwamba vidonge vya usingizi ndivyo vilivyommaliza. Si kweli. Vile vidonge alivimeza miaka minne iliyopita, na aliyemshauri avimeze namjua vizuri, maana ni mimi.

Kabla ya hapo, kila Ramadhani yeye ndiye aliyetuamsha kula daku. Saa tisa usiku alipita na ngoma yake akitaja nyumba moja moja: "Wewe mwenye mlango wa kijani, uji haujipiki!" Simu zenye kengele tunazo, lakini simu unaibonyeza inanyamaza. Yeye ukimnyamazia alisimama dirishani akaanza kukusalimia ukoo mzima. Kazi ile aliipenda kuliko baiskeli zote za Tabora. Shida ni kwamba uzeeni usingizi ulimhama, akawa anakesha akihesabu misumari ya paa, na hakuna aliyemwambia kwamba vikombe vinane vya kahawa chungu baada ya tarawehe vingeweza kuwa na neno. Binti yake aliyeko Dar akamletea kichupa cha vidonge. Akanijia mimi, kwa kuwa naandika gazetini, akaamini Kiingereza nakijua. "Mwandishi, hapa wanasemaje?" Mimi niliishia darasa la saba. Niliona picha ya mwezi na jani. "Vitu vya asili tu, mzee wangu. Sawa na kula karanga." "Nimeze vingapi?" Tarakimu niliiona: kimoja. Akacheka. "Kimoja ni cha watu wa Dar, wanaolala na feni. Usingizi wangu mimi umekimbilia mbali, Isikizya huko." Nikakunja uso kama daktari. "Basi meza vitatu." Wala sikumuuliza kama ana dawa nyingine. Alikuwa nazo, za presha.

Kesho yake mtaa mzima uliamshwa na adhana ya alfajiri, masufuria ya wali wa daku yamefunikwa vilevile. Tukaenda kwake, tukagonga mpaka mikono ikauma. Alifungua saa tatu asubuhi, kofia ameivaa ndani nje, akautazama umati, akasema kwa upole, "Jamani, leo jua limewahi." Mama mmoja muuza vitenge akafoka, "Limewahi wapi, babu! Mimi nimefunga na tende mbili za jana!" Akataka kujibu, akayumba, akashika nguzo ya kibaraza. Hasira zikayeyuka. Tukampakia kwenye baiskeli ya mteja wake, ambayo breki alikuwa bado hajaitia, tukafika zahanati mapema kuliko tulivyokusudia.

"Shikamoo, babu. Umemeza nini?" muuguzi akauliza. "Marahaba. Vya asili." "Hata tumbaku ni ya asili, babu. Nani alikwambia umeze?" Nilikuwa nimesimama palepale. Mzee hakunitazama. "Niliamua mwenyewe," akasema. Yule muuguzi akasoma kichupa tulichokuja nacho, akampima presha, akatueleza bila haraka. Melatonini iliyomo vidongeni, alisema, ni homoni ya usingizi, na mwili huitengeneza wenyewe giza likiingia. Ipo pia kwenye mayai, maziwa, samaki, karanga na uyoga, ila ni kidogo sana. Vyakula hivyo ni vizuri kwa afya, lakini havimwangushi mtu usingizini. Kidonge ni habari nyingine. Kukizidisha hakuongezi usingizi mzuri, kunaongeza kizunguzungu, na wakati mwingine kilichomo chupani hakilingani na kilichoandikwa nje. Mwenye dawa za presha, za sukari au za kuzuia damu kuganda aulize kwanza kwa mfamasia, na mama mjamzito naye vilevile. Kiwekwe mbali na watoto. "Na kahawa ya usiku, babu, uache." Mzee akashtuka kuliko alivyoshtushwa na presha. "Mjukuu wangu, kahawa tusiiguse."

Katika maneno yote yale alibeba neno uyoga. Jioni ile alifuturu sufuria zima la uyoga wa karanga, akashushia na maziwa lita moja. Tumbo likamkesheza, naye kwa kuwa yuko macho akatuamsha saa saba, akatuamsha tena saa tisa. "Jana hukutuamsha, leo unatulipa na riba?" mtaa ukalalamika.

Wazee wa mtaa wakakaa msikitini kumjadili. Wakamuuliza tena ni nani aliyempa ushauri ule, akasema tena, "Niliamua mwenyewe." Ngoma wakampa dereva wa bodaboda, aliyetuamsha kwa honi mpaka mwezi ukaandama, na haikurudi tena kwa mzee. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili, nautazama mkeka.

Jana matangani nilimwendea mjane wake, nikamwambia yote. Akanitazama kama anayengoja nimalize jambo alilokwisha kulisikia. "Alikuwa anajua kwamba hukujua kusoma kile kichupa," akasema. "Alisema, mwache, ataona haya." Wasomaji wangu, dawa muulizeni mwenye kazi yake. Na ukiulizwa wewe, nawe hujui, sema hujui. Mimi neno hilo lilinishinda, akalilipia mwenzangu kwa ngoma yake.