Mrusi wa Dukani kwa Bernadette

Waino Lahti aliendesha gari la kusukuma theluji tangu ujana wake, na walipomstaafisha aliendelea kuvaa kofia ya kazi kana kwamba kofia yenyewe haikupewa habari. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa isiyojua pa kukaa. Sisi majirani zake huku Rasi ya Juu, kaskazini kabisa mwa Michigan, tulikuwa tumezoea kuamshwa alfajiri na muungurumo wa gari lake. Baada ya kustaafu tukawa tunaamshwa na mkewe, Elma.

"Waino! Hebu toka jikoni kwangu! Hivyo vijiko vimekukosea nini?"

Alikuwa anavipanga upya. Akitoka kwenye vijiko anahamia kwenye vikombe. Mwisho Elma akamtupia koti na kumwonyesha mlango, naye akaenda alikokwenda kila mtu asiye na pa kwenda: dukani kwa Bernadette Goulet, mjane aliyeuza misumari, mabuti, chambo na bunduki, na aliyekuwa na jiko la kuni lenye birika la kahawa juu yake muda wote.

Ilikuwa vuli ile Warusi walipoanza kuuza silaha zao za zamani kwa bei ya kutupa. Bernadette alikuwa amepokea sanduku zima la bunduki za jeshi zilizolala ghalani tangu vita vikuu, kila moja imepakwa mafuta mazito ya rangi ya asali, kama mkate uliopakwa siagi na mtoto. Alikuwa ameifuta moja nusunusu na kuiegemeza ukutani.

Waino akainyanyua. "Bernadette, hii ni bunduki au mlingoti?"

"Ni bunduki. Shika vizuri, utanivunjia taa."

Kwenye kitako, mtu fulani alikuwa amechora ua dogo kwa ncha ya kisu. Waino akalipitishia kidole gumba.

"Askari gani huyu aliyepata nafasi ya kuchora maua vitani?"

"Aliyechoka kungoja chakula," alisema Bernadette. "Unanunua?"

"Nafikiria."

Kufikiria kwenyewe kukachukua wiki kadhaa. Kila asubuhi anafika, anamimina kahawa, anaichukua bunduki, anakaa nayo mapajani kando ya jiko. Siku moja ataisifu mbao yake, kesho yake atalalamika kwamba ni nzito. Nyumbani alikuwa na bunduki nzuri ya kuwindia, zawadi ya Elma mwenyewe, kwa hiyo shida hakuwa nayo. Na kulikuwa na jambo jingine lililomkereketa.

"Babu yangu alikimbia Ufini kwa sababu ya hawa watu," alimwambia Bernadette. "Nikimwingiza Mrusi nyumbani, si atafufuka anichape?"

Tangu siku hiyo bunduki ikaitwa Mrusi, na hilo jina ndilo lililoleta balaa.

Jumapili moja baada ya ibada, tukiwa tunakunywa kahawa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, Oiva, rafiki yake wa kuwinda, akamshika bega.

"Vipi, Mrusi wako? Umeshaamua?"

"Bado, ndugu yangu. Jana nimekaa naye asubuhi nzima."

"Si umchukue tu, bwana!"

"Na Elma je? Nitamweka wapi? Halafu bado ana mafuta mwili mzima. Nikimkumbatia kidogo tu natoka nimechafuka mpaka viwikoni."

"Lakini si mzee yule?"

"Ananizidi umri. Ila amenyooka, Oiva! We acha!"

Nyuma yao alikuwa amesimama Sylvi, dada yake Elma, na sinia la mkate wa iliki. Nilimwona mimi mwenyewe. Alilitua sinia juu ya piano na kwenda zake bila hata kuchukua koti.

Elma alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Mwanzo alicheka. Waino? Mtu anayeona haya kumwita daktari kwa jina? Kisha akakumbuka mashati: kila siku mashati yanarudi na madoa ya mafuta yasiyotoka kwa sabuni yoyote, na yeye alikuwa anaambiwa, "Ni kule dukani tu, mke wangu."

Asubuhi iliyofuata alivaa koti lake la kanisani, akapaka na rangi ya midomo, akaendesha gari mpaka kwa Bernadette. Aliusukuma mlango kwa nguvu hata kengele ikadondoka.

"Yuko wapi?"

Waino alikuwa kwenye kiti chake, amelaza shavu kwenye kitako, jicho moja amefumba. "Nani?"

"Usinifanye mtoto, Waino. Huyo Mrusi!"

Taratibu kabisa, kama mwanafunzi aliyekamatwa na embe la wizi, Waino akainua ile bunduki juu.

Bernadette aliinama nyuma ya kaunta akijifanya anatafuta kitu, lakini mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Elma alimtazama mumewe, akaitazama bunduki, akatazama mafuta kwenye mikono ya lile shati alilolifua juzi. Kisha akakaa juu ya sanduku la misumari na kucheka mpaka rangi ya midomo ikamfika kidevuni.

"Haya," alisema alipopata pumzi. "Nimeshavaa, nimeshakuja. Niambie basi, anajua kupiga?"

Hakuna aliyejua. Bernadette akafunga duka, wakaenda wote watatu kwenye machimbo ya kokoto nje ya mji, wakaliweka boga juu ya gogo. Waino akalala chini, akalenga kwa muda mrefu, akavuta.

Kilichotoka kilikuwa radi na ulimi wa moto. Kofia ilimruka ikaenda nyuma, kunguru wa msitu mzima wakapaa, na Waino akabaki amelala, kama anayesikiliza jambo la mbali.

"Boga limekusamehe," alisema Elma.

Akajaribu tena, na tena. Boga halikupata hata mkwaruzo. "Jaribu wewe," alimwambia mkewe.

"Mimi? Bega langu nalihitaji kwa kukandia unga."

Jioni ile, Elma akimpaka dawa kwenye bega lililogeuka zambarau, Waino alitangaza uamuzi. "Sinunui. Inapiga teke kama punda, na sina haja nayo."

"Sawa," alisema Elma, lakini hakufurahi kama alivyotarajia. Kesho yake aliamka akasikia vijiko.

"Waino," alimwita. "Nenda dukani."

"Kufanya nini? Nimeshaamua."

"Nenda tu, baba. Nakuomba."

Akaenda. Akamkuta mgeni kutoka Detroit, kijana mwenye nguo mpya za kuwindia, karatasi ya bei bado inaning'inia mgongoni, amemshika Mrusi kwa mkono mmoja.

"Mtutu nitaukata katikati," alikuwa anamweleza Bernadette. "Hizi mbao nazitupa, naweka plastiki nyeusi."

Waino akasogea, akaushika mtutu. "Samahani, bwana. Huyo ameshanunuliwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Lini?" aliuliza Bernadette.

"Sasa hivi."

Bernadette akapiga simu ya kumkagua mnunuzi wa silaha kama sheria inavyotaka, jina la Waino likapita. Yule kijana akachomolewa nyingine sandukuni, pacha wa Mrusi kabisa, akaondoka ameridhika, mafuta yakimchuruzikia mabutini.

Elma alimwona mumewe akipita mlangoni kwa ubavu, maana Mrusi hakuingia wima.

"Na babu yako?"

"Nitamwambia ni mateka."

Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda, mwezi wa Novemba, kulungu mwenye pembe kubwa alisimama mbele ya Waino, karibu kabisa. Waino akavuta komeo la bunduki ili aingize risasi. Halikuvutika; mafuta ya zamani yaliyobaki ndani yalikuwa yameganda kwa baridi. Akaligonga kwa kiganja. Akaokota kipande cha kuni akaligonga tena, ngo, ngo, ngo, huku Oiva akimlaani kutoka ng'ambo ya kinamasi. Kulungu alisimama akitazama kazi mpaka iliposhindikana, ndipo akaondoka zake, wala hakukimbia.

Bernadette aliposikia, alimwita Waino amfutie zile zilizobaki sandukuni, mpaka ndani kabisa, wateja wasije wakaaibika hivyo. Alimlipa kwa kahawa. Siku hizi akifika dukani asubuhi anavaa aproni ya ngozi, na mtu akimuuliza kama bunduki fulani inafaa kununuliwa, anaifuta miwani kwanza, anamtazama yule mtu, kisha anamuuliza, "Na mkeo anasemaje?"