Marahaba Isiyokuwa Yake

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, wewe hata kuzaliwa bado, nilimwamkia mtoto wa watu shikamoo, naye akaipokea. Ndiyo, akaipokea! Nikilikumbuka jambo hilo mpaka leo masikio yanapata moto, na sijapata kumsimulia mtu. Nakusimulia wewe kwa sababu ya lile ulilonitaka jana.

Kaa basi, acha kununa. Jana umerudi kutoka dukani umefura kama andazi, unalalama kwamba wamekudharau. Ulitaka kununua mtutu wa bunduki ya kuwindia, wakatazama kitambulisho chako, wakakwambia hujatimiza umri wa sheria. Ukanijia mimi na ulimi wa asali: "Mama mdogo, si bunduki, ni mtutu tu. Baba mdogo ana kibali, msemeze aninunulie kwa jina lake." Nikakwambia ngoja kesho. Sikuwa nafikiri, jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana upande wa pili wa kaunta hiyo nimewahi kusimama mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini, ndio kwanza nimetoka Unguja, nikapata kazi katika duka la zana za uwindaji kule mtaa wa Al Muraqqabat, hapahapa Dubai. Tuliuza mahema, chupa za chai, kofia ndogo za ngozi za kuwavisha vipanga, na ndani kabisa lilikuwapo kabati la kioo lenye vipande vya bunduki. Ufunguo wa kabati lile alikuwa nao Mzee Mutua, Mkamba wa Machakos, mtu wa kanisani, mpole, mwenye Kiswahili chake cha bara ambacho sisi wa visiwani tulikicheka. Lakini mbele ya kabati lile yeye hakuwa na mzaha. Aje mwenye gari la fahari, aje aliyetembea kwa miguu, neno lake lilikuwa hilohilo: "Kitambulisho yako mwenyewe na kibali yako mwenyewe, sir." Akishauona mwaka wa kuzaliwa ndipo anatabasamu. Kama umri haujatimia, khalas, hata ulie machozi ya damu.

Siku moja nikamuuliza kwa nini anawasumbua watu kwa kipande cha chuma. Akanijibu, "Msichana, hakuna mtu anabeba bunduki nzima kwa mfuko. Inaingianga nyumba ya mtu kipande kipande. Ndiyo maana kwa sheria kipande ni bunduki." Nikacheka, ati "inaingianga". Ujana huo, mwanangu. Nilisikia makosa ya lugha, maana yenyewe nikaiacha ipite.

Kilichoniuma mimi ni kwamba umri ule ule uliotakiwa kwa mteja ulitakiwa na kwa muuzaji, na mimi sikuwa nimeufikia. Kabati sikuruhusiwa kuligusa. Basi nikaona nadharauliwa, kama unavyoona wewe leo. Kutwa namwandama mzee wa watu: mimi si mtoto, mimi nimevuka bahari peke yangu, mbona huniamini? Jumatano ile akaamka na jino, shavu limevimba, hata maji hayapiti. Arbab wetu, mwenye duka, hakuwapo. Nikamwambia nenda kliniki, Mzee, utakufa hapa. Ufunguo haukuruhusiwa kutoka nje ya duka, kwa hiyo ilibidi aniachie. Alinitazama sana. Mwisho maumivu yakamshinda, akaufungua kiunoni akanipa. "Usifungue kabati mpaka nirudi," akasema, akaenda zake ameshika shavu.

Hajafika kona akaingia kijana. Kanzu nyeupe imepigwa pasi, ndevu zimechongwa, udi unanukia tangu mlangoni, mwendo wa polepole. Na akazungumza Kiunguja safi, kile cha familia za kwetu zilizohamia huku zamani. Nilivyolelewa mimi, mwanamume wa namna ile huanzi kwa kumkagua. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, sauti nzito, wala hakupepesa jicho.

Mwanangu! Basi mimi nikalegea. Wewe mwenyewe unajua mambo yetu. Mtu akikuamkia shikamoo na wewe ni wa rika lake, unamkatiza hapohapo: "Ah, usinizeeshe bwana!" Hakuna anayepokea shikamoo isiyo yake. Huyu kaipokea kwa raha zake, kwa hivyo nikaona umri wake umeshathibitika. Kitambulisho nimwombe cha nini tena, si kumtusi huko? Akatoa kibali, nikakiona kwa macho yangu kina jina la baba yake. Akasema baba kamtuma mtutu. Nikafungua kabati. Nikamuuzia kwa furaha, Mungu ananiona. Kuuliza si ujinga, wamesema wakubwa, lakini mimi niliona haya kuuliza, na wala sikuona haya kuvunja neno la mtu aliyeniamini. Watoto wawili, mwanangu, mmoja huku na mmoja kule, tunachezeana utu uzima juu ya kaunta.

Mzee Mutua alirudi amelewa sindano ya ganzi, hawezi kusema wala kusikiliza. Nikampa ufunguo. Nikajiambia nitamweleza kesho, jino likipoa.

Kesho yake asubuhi hata chai hatujanywa, akaingia mzee mmoja wa makamo, uso umemkunjamana, ana kitu kirefu amekifunga kwa taulo. Nyuma yake yule kijana. Safari hii hana kanzu, kavaa fulana na malapa. Ndevu zilikuwa zilezile, lakini uso wa kitoto, yarabi, sijui jana niliangalia nini! Baba yake akaweka ule mtutu mbele ya arbab na kusema kwa utulivu uliotisha kuliko makelele: "Bunduki ya marehemu mzee wangu niliing'oa mtutu kwa mkono wangu, ili isiwe bunduki tena katika nyumba yenye vijana. Jana usiku nimeikuta imekamilika, iko chini ya kitanda cha huyu. Hapa kwenu mlimuuliza umri wake?"

Yule kijana akaniona. Akatazama chini, akasema kwa sauti ya kuponyoka, "Shikamoo, dada." Sikuweza kuitikia.

Arbab akauliza nani aliyeuza. Nawe unaujua mdomo wangu, mwanangu, usivyojua kunyamaza. Siku hiyo ulijua. Mzee Mutua alikitazama kile kitu juu ya kaunta, akatazama ufunguo wake, akanitazama mimi. Akaelewa yote. Na akanisubiri. Hilo ndilo linaloniua, kwamba alinisubiri, alinipa nafasi mbele ya watu wote, nami nikageuza uso kama ninayepanga mahema. Ndipo akasema, "Ufunguo ni yangu, sir. Mimi ndiye wa kuulizwa." Hakusema kwamba aliuza, wala hakusema kwamba hakuuza. Akafukuzwa kazi, viza yake ikafutwa.

Mzee Mutua alikuwa ameshapanga kurudi kwao Krismasi ya mwaka ule, kwa hiari yake, amemaliza kazi yake kwa heshima. Wenzake wa kanisani walikuwa wanangoja kumpokea kwa nyimbo. Badala yake habari zilimtangulia: Mutua kafukuzwa Dubai, mambo ya bunduki. Watu wa kwao wataelewa vipi? Bunduki ni bunduki, kila mtu anajijazia mwenyewe.

Nilikwenda kumuaga katika ile fleti aliyoishi na wenzake, nimebeba kikapu cha halua. Nilimkuta anakunja mashati. Nikalia, nikasema nitakwenda kumwambia arbab ukweli. Akanisikiliza mpaka nilipomaliza, kisha akasema: "Mtutu ilirudi kwa kabati. Jina yangu nitairudisha na nini? Kukosea ni ya kila mtu, msichana. Lakini nilikungoja pale. Nilikungoja sana." Akaendelea kukunja mashati. Halua hakuichukua.

Nilishuka ngazi naapa kwamba kesho nitasema. Kesho ilipofika arbab akaniita, akaniambia nitafundishwa kazi ya Mzee Mutua, na umri ukitimia ufunguo nitaushika mimi. Unafikiri nilijibu nini? "Shukran, sir." Basi. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wa kwangu nimemlea mwenyewe, nikamlisha, amekuwa mkubwa kuliko mimi.

Mwaka jana nilikutana na mlinzi mmoja wa Machakos pale Al Barsha, akanipatia namba ya nyumbani kwa mzee. Nikapiga. Akapokea mkewe, mwanamke mtu mzima, sauti ya upole. Akasema, "Mzee yuko hapa nje, anaota jua. Nimwite? Wewe ni nani?" Mimi, mwanamke mwenye mvi, mke wa mtu, ninayewafokea nyinyi museme kweli, nikamjibu kwamba nimekosea namba. Nikakata simu. Nilikaa jikoni mpaka wali ukaungua.

Kwa hivyo nasaha yangu ndiyo hii, na nitaisema mara moja. Baba yako mdogo sitamsemeza. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimelia ya kutosha. Umri uliowekwa na sheria si tusi alilokutukana mtu. Ungoje ufike, uende dukani kwa miguu yako, na jina lako, na kibali chako, uone kama kuna atakayekuzuia. Usitake kununua kwa jina la mwenzio, na atakayekuja kuazima lako mwambie hapana, hata akiwa rafiki wa kufa na kuzikana. Yule muuzaji wa jana uliyemtolea maneno, kesho nenda kamtake radhi. Alikuwa anakulinda wewe, na alikuwa anajilinda yeye na watoto wake. Na kubwa kuliko yote: ukikosa, sema saa ileile, kabla mtu mwingine hajakusemea. Kunyamaza kwa kwanza ndiko kugumu. Kwa pili ni rahisi, na kwa tatu unakuwa umezoea, na huku mtu wa watu anaota jua nje ya nyumba yake na majirani bado wananong'ona.

Mwenyezi Mungu akukuze, mwanangu, akufikishe umri unaoupigia mbio ukiwa na jina safi. Akupe uso wa kuulizwa na moyo wa kujibu, na asikuweke siku hata moja mahali ambapo mtu mwema anakungoja useme, nawe ukakaa kimya. Sema amina. Haya, niletee simu yangu hapo mezani, na usiondoke. Nataka uwepo hapa nikimwambia mke wa Mzee Mutua amwite.