Kuanguka kwa Makusudi

Kaka yangu alishuka kwenye gari pale Bidiya na sanduku moja na mbao mbili ndefu alizozifunga ndani ya shuka. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Sisi tulikuwa tumehamia Omani kutoka Unguja miaka michache kabla, tukakaa karibu na ami yetu, ukingoni mwa shamba la mitende, na nyuma ya mitende ndiko michanga inakoanzia. Kaka yeye aliondoka Unguja kijana kwenda kusomea uinjinia katika nchi ya baridi, akaoa huko, akabaki huko. Nilikuwa mdogo sana alipoondoka. Sasa nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane na nikamwamkia kwa haya, kama mgeni.

Mama alimkumbatia, akalia, alipokwisha kulia akazitazama zile mbao.

"Mwanangu, mbao za nini tena? Wallahi hata huku mbao zipo."

"Za kutelezea, Mama. Kule tunateleza juu ya theluji. Nikasema hapa mna milima ya mchanga, nitamfunza mdogo wangu."

Likizo yake ilikuwa wiki mbili. Mama alizihesabu kwa vidole tangu siku ya kwanza, na kila akihesabu alikuwa akinyong'onyea.

Alasiri ya pili tulipanda mchanga. Kaka alisema mbao lazima zipakwe kitu ziteleze, na sisi watu wa Unguja kitu cha kupaka tunakijua kimoja tu. Mama alileta chupa ya mafuta ya nazi, ile aliyokuwa akiibania hata nywele zake. Tukazipaka mbao mpaka zikang'aa. Nilipoziweka chini mchanga ukazishika zote, zikawa kama samaki waliopakwa unga, wala hazikusogea. Binti ami yangu, aliyezaliwa palepale Bidiya, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaenda kwao akaleta kipande cha mshumaa, akatuonyesha kwa Kiarabu chake kwamba ni hiki, tena kikavu.

Yeye mwenyewe hakuwa na haja na mbao wala mwalimu. Tangu mtoto alikuwa akishuka kilele kile amekalia sinia la wali, na hakuna aliyemfunza. Kaka hakukubali. Alisema kukaa juu ya sinia si kuteleza, na anayeanza lazima afunzwe mambo mawili kabla ya kwenda popote, kuanguka na kusimama. Alinifunza kuangukia ubavu, na kukunja magoti. Alinifunza kutanua visigino ili nipunguze mwendo. Viatu vyake vya kutelezea vilikuwa vikubwa mno, nikavijaza vitambaa. Ukweli ni kwamba na yeye mchanga ulimshinda siku tatu za mwanzo, maana si theluji, lakini hilo hakulisema na mimi sikumwaibisha.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana aliniashiria kwa kidole akasema, "Siondoki hapa mpaka huyu ashuke kutoka juu mpaka chini bila ya kuanguka."

Alikuwa akitania. Lakini nilimwona Mama alivyoinua uso, tonge liko mkononi, akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Basi nikaanza kuanguka.

Nilianguka kila alasiri. Nilikuwa nimeshajua, miguu ilikuwa imeshashika, na ilinibidi nijizuie kwa nguvu ili nisifike chini. Wiki mbili zilipokwisha Kaka alikwenda mjini Ibra kupiga simu kazini, akarudi na kusema amepewa wiki moja zaidi. Ilipokwisha hiyo akaenda tena, akaongezewa nyingine. Mama akawa anaimba jikoni. Nyumba ilinukia mkate wa ufuta kila asubuhi, na mimi michubuko yangu niliiona tamu. Sijapata tena kuwa na furaha ya namna ile, na hata leo naitamani.

Kiburi hakuna aliyenifunza, hicho sikuhitaji somo. Siku moja Mama alikuja kutazama, akakaa chini kivulini. Binti ami yangu akapita na sinia lake, akaniambia kwa sauti mbele ya shangazi zetu waliokaa na Mama kwamba Wazanzibari wanafundishwa mwezi mzima, na bado wanajua kuanguka tu. Damu ilinipanda. Sikufikiri. Nilishuka kutoka juu kabisa, nimekunja magoti, mchanga unanguruma chini yangu, nikafika mpaka miguuni kwa Mama nimesimama wima.

Shangazi walipiga vigelegele. Mama hakupiga. Alinifuta mchanga usoni kwa kanga yake akasema, "Khalas, mwanangu, umejua," akainuka akarudi nyumbani.

Kaka aliondoka Alkhamisi ile. Nilijichukia, na nilimchukia binti ami yangu zaidi, mwaka mzima sikumsemesha.

Mama alifariki katikati ya miaka ya themanini, na Kaka hakuwahi kuja tena kumwona. Idi iliyofuata alipiga simu, tulikuwa tumeshatiwa simu nyumbani, na mimi nikashindwa kuendelea kuibeba siri yangu.

"Kaka, nisamehe. Kule mchangani nilikuwa nikianguka makusudi, usiondoke."

Alicheka kidogo. "Nilikuwa nikijua. Mtu anayeanguka kweli hageuki kwanza kutazama mwalimu yuko wapi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningelazimika kuondoka. Kazini niliwaambia mama yangu anaumwa. Nilikuwa nakungojea uanguke, mdogo wangu. Ungeanguka na siku ile, ningekaa."