Betri Iliyosoma Sufuri

Kazi ya Adhis ilikuwa kumaliza chaji kwenye betri zilizokufa. Kila asubuhi alitoka nyumbani Mashimoni kwa miguu hadi yadi ya Kagiri, kule Kawangware inapokaribia Riruta, na humo alikuta magunia ya betri za laptopu na za pikipiki za umeme. Zilikuwa za kufunguliwa ili madini yake yatumike tena. Lakini betri iliyobakiza chaji ikitobolewa hushika moto, kwa hiyo Adhis alizilaza ndoo nzima nzima ndani ya maji ya chumvi, siku tatu, kisha akazifuta moja moja na kuzipima kwa mita. Ikisoma sufuri, aliipaka chaki na kumpa Osewe aifungue.

Osewe alikuwa mtu mzima wa kwao kule ziwani, naye Adhis alimwita Baba Audrey. Walikuwa wamefanya kazi wakipeana mgongo miaka minne, wakila githeri kwenye bakuli moja.

Jumanne moja ya Mei, Osewe alipenyeza bisibisi kwenye betri yenye chaki. Ilitatarika kama mafuta yaliyoingia maji, ikatoa moshi mweupe, halafu moto ukaruka. Kagiri alikuja mbio na mchanga. Glavu ya Osewe ilikuwa tayari imeyeyukia mkononi.

Hospitalini Adhis aliketi kando ya kitanda.

"Ulipima?" Osewe aliuliza.

"Nilipima."

"Ikasoma?"

"Sufuri."

"Sawa," akasema, akafumba macho.

Adhis alingoja machozi. Hayakuja. Aliangalia viatu vya nesi, akaona kimoja kimefungwa kwa kamba ya rangi nyingine. Alirudi nyumbani, akasonga ugali, akala, akaosha sahani. Jirani yake alimuuliza habari za kazi, akajibu ni nzuri.

Kesho yake alichukua betri nyingine kutoka ndoo ileile. Mita ikasoma sufuri. Ncha zake zilikuwa za kijani, zimeliwa na kutu. Alizikwangua kwa msumari mpaka chuma kikang'aa, akapima tena. Volti tatu nukta nne. Akakwangua ya pili, ya tatu, ya nne. Mbili kati ya hizo zilikuwa hai vilevile. Alizipanga mezani, akazitazama kwa muda mrefu bila kuwaza lolote, kisha akamwita Kagiri.

"Boss, chumvi inakula hizi ncha kabla chaji itoke yote. Mita haipati pa kushika, ndiyo maana inasoma sufuri."

Kagiri alijikuna shingo. "Sasa? Lori ya kubeba mzigo inakuja Ijumaa."

"Tuzifunge kwa balbu za gari, zitoe chaji polepole. Halafu zilale, tupime tena asubuhi."

"Hiyo itachukua wiki, Adhis."

"Itachukua."

Kagiri alimtazama, labda akitarajia kelele. Adhis hakuwa nazo.

"Haya. Fanya hivyo," Kagiri akasema, na Ijumaa lori likaondoka nusu tupu.

Baada ya wiki tatu Adhis alimtembelea Osewe chumbani kwake, nyuma ya Soko la Toi. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekatwa. Adhis alimweleza yote, kuhusu kutu, msumari na tatu nukta nne.

"Kwa hivyo ilikuwa na chaji," Osewe akasema.

"Ilikuwa nayo. Na ni mimi nilikupa."

"Ungejuaje?"

"Sijui, Baba Audrey."

Osewe akamsukumia thamosi kwa mkono wa kushoto amfungulie. Adhis akafungua, akamimina chai vikombe viwili.

"Na wewe uko aje?"

"Niko tu."

Walikunywa. Redio ya chumba cha pili ilikuwa ikihubiri, na wote wawili wakaonekana kama wanaosikiliza.

Jumatatu Adhis alirudi kwenye balbu zake. Kati ya betri arobaini alizoziacha Jumamosi zikisoma sufuri, tisa zilikuwa zimepandisha chaji tena, hata bila kuguswa. Alizitenga, akazifunga upya waya, na balbu zikawaka wekundu hafifu wa kaa linalozimika. Alivuta kiti akaketi kuzilinda, mikono mapajani, mpaka Kagiri alipopita akamuuliza kama amekula.

"Bado," alisema.