Kamyo Niliyomnunulisha Shemeji

Nilipotoka eda, kitu cha kwanza nilichokiona ni mabenchi yangu yakinyeshewa mvua.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Kabla mume wangu hajafa, nilikuwa nikiuza chai na mandazi kwenye baraza la duka la tajiri mmoja wa nguo, karibu na soko la Gisenyi. Palikuwa mahali pazuri. Wachukuzi wa viazi waliteremka kutoka Bugeshi asubuhi na baridi ikiwa bado mifupani mwao, wakaanzia kwangu. Mafundi cherehani walikuwa hatua chache, na madereva waliokwenda Goma, ng'ambo ya mpaka, walisimama pale kwanza. Tajiri huyo alikuwa rafiki wa mume wangu, kwa hiyo aliniita shemeji nami nikamwita shemeji. Siku ya maziko alibeba jeneza kwa mbele. Akaniambia, "Shemeji, kaa eda yako na amani. Baraza ni yako."

Nikakaa ndani miezi minne na siku kumi. Nilipotoka, nikamkuta mke wa mpwa wake juu ya kigoda changu, anamimina chai kwa birika langu, na wateja wangu wakimwita mama kama walivyokuwa wakiniita mimi. Mabenchi yalitupwa nyuma ya nyumba.

Nilimkuta shemeji ndani akipima kitambaa.

"Shemeji, kulikoni?"

Hakuinua macho. "Biashara haingoji maiti, shemeji. Mi singeweza kuacha baraza tupu miezi mine. We mwenyewe ni muchuuzi, unaelewa."

"Na birika langu?"

"Birika ilikuwa hapa, ikabaki hapa."

Sikulia mbele yake. Nilijitwika benchi moja, mdogo wangu niliyeishi naye akajitwika la pili, tukapita katikati ya soko watu wakitutazama. Tulipofika nyumbani nikamwambia mdogo wangu kwamba yule mtu nitamlipa. Alidhani nasema juu ya kodi ya baraza.

Wiki chache baadaye Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka kando ya ziwa aliugua, akaamua kurudi kwao, na vitu vyake vikapigwa mnada. Nilikwenda na faranga mia tano nimezifunga kwenye pindo la kanga. Nilitaka birika na vikombe, basi. Naapa sikuwa na wazo jingine kichwani.

Halafu nikaiona kamyo, lori lake la mizigo.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari, na kamyo ile ya Mgiriki aliitengeneza yeye. Jioni moja kabla hajaugua alirudi na mikono imejaa mafuta, akakaa kizingitini. "Mugiriki hataki nitengeneze," aliniambia, "anataka nifiche. Moteri iko na ufa. Nimeziba, lakini siku itapanda mulima na muzigo, itatapika maji yote." Mji mzima ulijua nani fundi wa kamyo ile. Habari ya ufa wa injini tuliijua watu watatu tu, na mmoja alikuwa kaburini.

Shemeji alikuwepo mnadani, amevaa kofia yake ya Ijumaa. Nilimjua kuliko mkewe alivyomjua, kwa sababu miaka sita nilikaa barazani nikimtazama akinunua. Hakuwa mtu wa kukagua kitu. Alikagua macho ya wengine. Kitambaa kisichoguswa na mtu hakukitaka hata kwa nusu bei. Lakini mwenzake akikishika tu, ghafla kiligeuka kuwa hariri.

Basi nikaiendea kamyo. Nikaizunguka polepole. Nikaweka kiganja juu ya boneti kama mume wangu alivyozoea kufanya, nikainama kutazama chini, kisha nikaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyekuta kile alichoambiwa atakikuta. Sikusema uongo hata neno moja.

Karani wa mnada akaanzia elfu kumi. Kimya. Nikanyoosha mkono.

Watu wakacheka. "Yoo! Mujane anataka kuendesha kamyo!" mmoja akasema.

Shemeji hakucheka. Alinisogelea. "Shemeji, we unataka kamyo ya nini?"

"Nitaweka dereva."

"Na pesa?"

"Marehemu alifanya kazi maisha yake yote."

Akashusha sauti. "Iko muzuri?"

"Shemeji," nikamwambia, "biashara haingoji."

Akanyoosha mkono. Elfu kumi na mbili. Nikapandisha. Akapandisha. Tulipofika kumi na nane, akili iliniambia inatosha, nyamaza. Hasira ikasema, moja tena. Nikaita elfu ishirini, mimi niliyekuwa na mia tano.

Shemeji akanyamaza.

Karani akanitazama. "Mara ya kwanza," akasema. Nikaona aibu, nikaona jela, nikamwona mdogo wangu akiniletea chakula jela. "Mara ya pili." Nikakaza macho kwenye kamyo, nikailazimisha midomo yangu itabasamu kidogo, kama mtu ambaye kitu chake kinaingia nyumbani. Shemeji alikuwa akiitazama midomo ile.

"Ishirini na mbili!" akapaza sauti.

Nikajifuta macho kwa kanga. Watu walidhani nalia kwa kushindwa. Lilikuwa chozi la kweli, lakini la woga. Baada ya hapo nilinunua birika moja na vikombe sita, nikaenda zangu.

Kamyo ilikwenda Kanama kuchukua maharage, ikaishia mlimani ikitapika maji. Shemeji akaleta fundi kutoka Goma, akaziba. Ikaenda tena, ikarudi ikivutwa. Akabadilisha matairi, kana kwamba ugonjwa ulikuwa miguuni. Mwaka ule ule akaipaka rangi mpya ya kijani. Wenzake wakamwambia, "Reka, achana nayo, uza chuma yake, upumuzike." Nilimsikia mwenyewe sokoni akiwajibu: "Donc, yaani nitupe elfu ishirini na mbili? Na zile nimeongeza juu? Nikiacha sasa, nimepoteza yote."

Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Mimi nilimsukuma mara moja tu. Kilichobaki alijisukuma mwenyewe, kila tengenezo likimfunga zaidi kwa lile litakalofuata, huku rafu za duka zikipungua vitambaa. Nilijifunza siku hizo kwamba mtu anaweza kuuza kilicho kizima ili alishe kilichokufa, na kuona ana busara. Sikumwonea huruma. Kila nilipoiona kamyo imesimama nyuma ya duka lake, chai yangu ilikuwa tamu zaidi.

Mwaka wa pili mke wa mpwa wake aliondoka kwa sababu shemeji hakuwa tena na pesa za kumnunulia sukari ya chai. Ndipo shemeji akaja kwangu. Nilikuwa na kibanda cha mabati kwenye njia ya Rubona, ambako wauza samaki walipita mbio na wachache tu walisimama. Alivua kofia.

"Shemeji, rudi. Baraza ni yako. Kodi nusu ya zamani, na miezi mitatu ya kwanza usilipe kitu."

Nilijua hesabu yake. Mtoto mdogo angeijua. Pale barazani ningeuza kwa siku moja nilichouza kibandani kwa wiki. Yeye angepata kidogo, mimi ningepata kingi. Lakini kile kidogo chake kilinikaa kooni kama mwiba.

"Sitaki," nikasema.

Alipoondoka, mdogo wangu aliyekuwa akikanda unga akanigeukia. "Dada, unamukomoa nani?"

"Yeye."

"Yeye atapata mutu mwingine kesho. Na we utapata nini?"

Nikachochea moto. Nilikuwa nimekwisha kupata. Nilikuwa nimeuona uso wake nilipomkatalia, na uso ule nisingeubadilisha kwa baraza kumi. Sitaki mtu anifunze kwamba hiyo si faida. Najua si faida.

Wiki iliyofuata mdogo wangu alilichukua baraza yeye mwenyewe. Hakuniomba ruhusa. Alichukua benchi moja, akaniachia moja. Madereva walirudi, wachukuzi wa Bugeshi walirudi, na katika miezi michache alinunua hata cherehani kwa faida ya chai. Mimi na yeye hatukusemezana mwaka mzima na zaidi. Nilipopita sokoni nilipita upande wa pili wa barabara.

Sikukuu ya Idi aliniletea sahani ya mandazi kwa mkono wa jirani, imefunikwa kitambaa cheupe. Niliwatupia bata wa jirani mandazi hayo, moja moja, polepole, nikiwatazama wakigombana. La mwisho nililionja. Alikuwa ameweka hiliki nyingi kupita kiasi, kosa nisilolifanya mimi, nami nikafurahi sana.