Mbuzi wa Nyanya Hawahesabiwi

Nilifukuzwa kwenye somo la hesabu kwa sababu ya maharagwe. Mwalimu wetu, mtu mpole ambaye koti lake lina chaki hata Jumapili, alikuwa ametuambia kwamba kuna vitu visivyo na mwisho, na kwamba kati ya hivyo vingine ni vingi kuliko vingine. Nikasimama nikasema hilo tunalijua: wadudu wa maharagwe ya bweni hawana mwisho, na wa Jumamosi wanazidi. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka wala hakunipiga. Alisema shule ikifunguliwa nitasimama mbele nieleze jambo hilo bila mzaha hata kidogo, la sivyo sitakanyaga somo lake tena. Bila hesabu hakuna mtihani, na baba alishaapa kwamba nisipofanya mtihani nitachuma pareto mpaka nizeeke.

Likizo nikaenda Subukia kwa nyanya na shida hiyo kichwani. Nyanya huniita bwana wangu, kwa kuwa nimepewa jina la babu, na hunisumbua kama mume kweli: kuni ziko wapi, mbona umechelewa. Nikaona nijaribu kwake. Yeye akielewa, darasa ni nani?

Jioni mbuzi waliporudi, nikanyoosha kidole nikaanza: mmoja, wawili... Fimbo yake ikatua juu ya kidole. Kwetu mifugo haihesabiwi, wala watoto. Ukiwahesabu unawaitia mabaya.

"Sasa utajuaje kama mmoja amepotea?" nikauliza huku nikinyonya kidole.

"Ngoja, bwana wangu."

Akafungua mlango wa kibanda. Watoto wa mbuzi wakatoka mbio, kila mmoja chini ya mama yake. Hakukuwa na mapacha mwaka huo. Nyanya alitazama tu. Kila mama ana mtoto, kila mtoto ana mama, basi wametosha. Angebaki mmoja akilia peke yake, angejua.

Nikasahau kidole. Mwalimu alikuwa amesema haya haya pale ubaoni, panga kimoja kwa kimoja uone kipi kitabaki, nami wakati huo nilikuwa nikimchora na masikio ya punda.

Tulipoketi na bakuli lake la shanga, yeye akitunga, nikamwambia awaze mbuzi wanaotoka bila mwisho, kila mbuzi na uzi wake wa shanga nyekundu na nyeupe, uzi nao usiokwisha, wala hakuna nyuzi mbili zinazofanana. Je, kila uzi unaoweza kutungwa utapata mbuzi? Alisema utapata, si mbuzi hawaishi. Nikamwambia haya, tutunge uzi mmoja. Tazama shanga ya kwanza ya mbuzi wa kwanza. Ikiwa nyekundu, wewe weka nyeupe. Shanga ya pili ya mbuzi wa pili ikiwa nyeupe, weka nyekundu. Uende hivyo hivyo, kila mbuzi umpinge kwa shanga moja.

Vidole vyake vikasimama.

"Huu haufanani na wa mbuzi yeyote," akasema. "Hauna mwenyewe."

"Hauna."

"Basi nitamtafutia mbuzi mwingine."

Nikamwambia amweke huyo mbele ya kundi, tuanze upya. Tukaanza, ukabaki uzi mwingine. Akaongeza mbuzi tena, mkaidi kabisa, ukabaki mwingine, mpaka akacheka akishika mbavu.

"Kumbe mbuzi hawaishi," akasema, "na bado shanga zimewashinda."

Shule ilipofunguliwa nilisimama mbele na nyuzi mbili fupi alizonitungia. Nilieleza bila mzaha. Ulimi uliniwasha, nikauuma. Nilipomaliza, mwalimu akauliza, "Na hao mbuzi ni wangapi?"

"Kwetu hawahesabiwi, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mara hii mimi sikucheka. Niliona pareto, mistari kwa mistari, mpaka juu mlimani.

Mwalimu alingoja kelele ziishe. "Hamjui mnachocheka," akawaambia. "Hakuhesabu hata mmoja, na amejua kipi kimezidi." Kisha akanigeukia. "Kaa mahali pako. Na uzi mmoja uniachie."

Nilimwachia mmoja. Ule ambao nyanya alikuwa nao mkononi alipokuwa akicheka nimebaki nao mimi.